Kamari, Mshahara na Simu: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Kigali

Mwongozo huu ni wa watu wanaoishi kwa jasho lao jijini Kigali: madereva wa pikipiki, mafundi na wasaidizi wao, walinzi wa usiku, wahudumu wa hoteli na baa, wauza duka, mawakala wa fedha za simu, na wenzao wa ofisini ambao mshahara huingia mara moja kwa mwezi. Unawahusu wanaocheza betingi kwa burudani na wanaohofia kwamba mchezo umewazidi nguvu. Unawahusu pia wake, waume, ndugu na wakubwa wa kazi wanaoona mambo yakiharibika na hawajui waanzie wapi.

Kamari yenye leseni ni halali nchini Rwanda. Sheria namba 58/2011 ya tarehe 31 Desemba 2011 iliweka utaratibu wa michezo ya bahati na kuwazuia walio chini ya miaka 18. Usimamizi ulianzia Wizara ya Biashara na Viwanda, na sasa uko kwa Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB. Mwaka 2025 serikali ilipandisha kodi ya mapato ya kampuni za kamari kutoka asilimia 13 hadi 40, na kodi inayozuiwa kwenye ushindi wa mchezaji kutoka asilimia 15 hadi 25. Kwa jirani zetu wa Uganda, sheria ya 2016 iliweka umri wa kuanzia kuwa miaka 25. Nchi hizi zinakubali kwamba biashara hii ina madhara, na kila moja inatafuta namna yake ya kuyapunguza.

Lakini sheria haimfikii mtu aliyelala kitandani saa tano usiku na simu mkononi. Zamani aliyetaka kucheza ilibidi atoke nyumbani, atembee hadi duka la betingi pale Gisimenti au Nyamirambo, atoe noti mfukoni, asimame kwenye foleni. Ile safari ilimpa nafasi ya kughairi. Leo mshahara, tiketi na mkopo wa haraka vinakaa ndani ya simu moja, na kuvihamisha kutoka kimoja hadi kingine ni suala la sekunde. Kwa hiyo ushauri wote ulio hapa chini umesimama juu ya jambo moja: kinachomlinda mchezaji ni umbali kati ya fedha zake na dau. Umbali huo hujengwa mapema, akili ikiwa imetulia. Nia njema peke yake, saa tano usiku, imewaangusha watu wenye busara nyingi.

Hesabu iliyo ndani ya tiketi

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi wanaocheza hawajawahi kuonyeshwa.

Chukua mechi ambayo nafasi ya magoli kuzidi mawili na nusu ni nusu kwa nusu. Odi ya haki ingekuwa 2.00: ukiweka faranga 500 na ukapatia, unarudishiwa 1,000. Kampuni itakupa, tuseme, 1.85. Tofauti hiyo ndogo ndiyo riziki yake, na maana yake ni kwamba kwa wastani katika kila faranga 100 unazoweka unarudishiwa 92 na nusu. Hapo bado hujaumia sana.

Sasa panga mechi kumi za namna hiyo kwenye mkeka mmoja, kama wafanyavyo wengi siku ya Jumamosi. Nafasi ya kupatia zote kumi ni moja kati ya 1,024. Odi zikizidishwa zinakaribia 470, kwa hiyo faranga 500 zako zinaahidiwa kuwa kama 235,000. Macho yote yanaenda kwenye hizo 235,000. Kwa odi za haki malipo yangekuwa 512,000. Zaidi ya nusu imekwisha kuondoka kabla mpira haujapigwa. Ukishinda, kodi ya asilimia 25 juu ya faida inachukua karibu 58,500, unabaki na 176,000 na ushee. Piga hesabu ya wastani: katika kila faranga 100 zinazowekwa kwenye tiketi kama hiyo, takriban 34 ndizo zinazorudi kwa wachezaji wote kwa jumla. Kadiri unavyoongeza mechi, ndivyo kampuni inavyokata mara nyingi zaidi.

Kuna tiketi inayowatesa watu kuliko zote: ile ya mechi tisa zilizopatia na moja iliyochana mkeka dakika ya mwisho. Mtu huondoka akisema alikuwa karibu, kesho ni zamu yake. Lakini katika mechi kumi za nusu kwa nusu kuna njia moja tu ya kupatia zote, na njia kumi za kukosa moja. Kukosa moja kutatokea mara kumi zaidi ya kushinda, mwaka huu na mwaka ujao, hata kama unajua kandanda kuliko mtangazaji wa redio. Tiketi ya jana haikukusogeza popote.

Michezo ya haraka ni hatari zaidi ya mpira. Kile kindege kinachopaa kwenye skrini, ambacho lazima utoe fedha zako kabla hakijapotea, humaliza raundi kwa sekunde chache. Tuseme mchezo unachukua asilimia 3 tu. Mtu anayezungusha fedha zake zote kila raundi atakuwa, kwa hesabu ya wastani, amebaki na nusu baada ya raundi 23. Hizo ni raundi za dakika chache, muda wa kusubiri abiria. Mechi za kompyuta zinazochezwa usiku kucha hukimbia vivyo hivyo, na mashine za sarafu, zile ibiryabarezi zinazomeza vipande vya faranga 100 kwenye kona ya duka, nazo ni hivyohivyo. Mwili wa binadamu haupati nafasi ya kuhisi hasara kabla ya raundi nyingine kuanza.

Wala hakuna zamu. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, mpira wa gurudumu uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Waliokuwa mezani walimwaga mamilioni kwenye nyekundu, kila mmoja akiamini kwamba sasa lazima ibadilike. Gurudumu halina kumbukumbu, na programu ya simu pia haina.

Karata tatu za mitaani, ambazo Kigali huitwa kazungu narara, hazimo katika hesabu yoyote. Huo ni wizi: wanaoshinda mbele yako ni washirika wa mwenye karata. Pita.

Ikiwa unacheza na bado unajimudu

Fedha ya kamari ni fedha iliyokwisha kutumika. Ihesabu kama ulivyohesabu soda au tiketi ya uwanja wa Amahoro: ikitoka, imetoka. Faranga 500 kwa siku ni 182,500 kwa mwaka. Kama kiasi hicho kinakushtua, basi dau lako la sasa ni kubwa kuliko uwezo wako, hata kama kila siku unaliona dogo.

Panga kiasi cha wiki nzima siku ya mapato, baada ya kodi ya nyumba, chakula, mituweli (bima ya afya), ada za watoto na zamu yako ya ikimina (kikundi cha akiba). Dereva wa pikipiki anayelipa chombo kwa awamu atenge kwanza fedha ya mwenye pikipiki. Kiasi hicho cha wiki kikiisha Jumanne, mchezo umekwisha hadi wiki ijayo. Usicheze ukiwa umelewa, umegombana nyumbani, au umetoka kupoteza. Usiwahi kukopa ili ucheze, hata mkopo mdogo wa simu unaokubaliwa kwa dakika moja. Na ushindi ukija, utoe siku hiyohiyo uuweke mahali pasipofikika kwa urahisi. Ejo Heza, mpango wa akiba ya muda mrefu ulioanza Desemba 2018 chini ya Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, RSSB, unafaa sana kwa hili kwa sababu akiba yake imefungwa kwa ajili ya uzeeni; unaingia kwa kupiga *506#. Umurenge SACCO, ushirika wa akiba na mikopo wa eneo lako, nayo inafaa, kwa kuwa lazima uende mwenyewe dirishani.

Cheza kwa kampuni yenye leseni tu, na ukiwa na shaka uliza RDB. Kundi la WhatsApp linalouza mechi za uhakika halina uhakika wowote. Mwenye uhakika angeiweka fedha yake kimya kimya na asingehitaji elfu mbili zako.

Dalili

Watafiti wa Marekani katika miaka ya 1990 walipata kwamba maswali mawili yanatosha kumtambua mtu anayehitaji kuchunguzwa zaidi. La kwanza: umewahi kuhisi lazima uweke fedha nyingi zaidi na zaidi? La pili: umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, endelea kusoma kwa makini.

Hapa Kigali dalili zina sura zake. Mtu anafuta ujumbe wa MoMo, yaani fedha zake za simu, kabla hajafika nyumbani. Ana laini ya pili ambayo mkewe haijui. Anaomba nusu ya mshahara tarehe 10, kisha tarehe 14 anaomba tena kwa sababu ya mgonjwa asiyekuwepo. Mlinzi anamaliza zamu saa kumi na mbili asubuhi na halali, anasubiri mechi za kompyuta. Msaidizi wa fundi anakula mchana kwa mkopo siku moja tu baada ya kulipwa. Mhudumu mchangamfu anakuwa mkali kwa jambo dogo kila Jumapili usiku. Na kuna ile sentensi ambayo karibu kila aliyezama ameisema: nikirudisha hela yangu tu, naacha. Anayecheza ili kurudisha alichopoteza ameshatoka kwenye burudani.

Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, kwenye kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Alama zake ni kushindwa kujizuia, kamari kutangulia mambo mengine ya maisha, na kuendelea ingawa madhara yanaonekana. Tunalitaja hili kwa sababu familia nyingi humwita mgonjwa mvivu au mlaaniwa, naye anaamini. Kumbuka kwamba mtu huyu mara nyingi ndiye anayefanya kazi saa nyingi kuliko wote, ili apate fedha ya kucheza.

Unayeshika fedha za wengine

Sehemu hii inahitaji nafasi ya kutosha, kwa kuwa hapa ndipo kamari inapogeuka kuwa kesi.

Tazama wakala wa fedha za simu aliyeketi chini ya mwavuli wa njano karibu na kituo cha Nyabugogo. Ana floti ya laki kadhaa ambayo ni ya bosi wake. Saa nane mchana wateja ni wachache. Simu ya kazi iko mkononi, na fedha zimo ndani yake. Anaazima elfu tano, kwa sababu ni mchana na hesabu hufanywa jioni. Inapotea. Anaazima kumi ili kuifidia tano. Jioni anafunga hesabu kwa fedha za mteja aliyeweka saa kumi na moja, na kesho yake anaanza siku akiwa na shimo. Hakuna aliyeamka asubuhi ile akiwa na nia ya kuiba. Ndivyo ilivyo pia kwa keshia wa duka la jumla, kwa mweka hazina wa ikimina, kwa mtunza stoo anayenunua saruji na nondo za mjengo.

Ikiwa unashika fedha za watu na unacheza, tenganisha leo. Laini ya kazi isiwe na akaunti yoyote ya kamari, na ikiwezekana iwe kwenye kitochi kisichoingia intaneti. Omba mwenyewe kwamba hesabu ya jioni ifanywe na watu wawili. Fedha za ikimina zisilale kwenye MoMo ya mtu mmoja. Zipelekwe siku hiyohiyo kwenye akaunti ya kikundi inayohitaji saini zaidi ya moja, au zikae kwenye sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu, kama vikundi vingi vinavyofanya. Mweka hazina mwaminifu ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kudai utaratibu huu, kwa kuwa unamkinga na udhaifu wa siku moja mbaya.

Na ikiwa umekwisha kuchukua, simama hapo hapo. Usiweke dau hata moja ili kuirudisha. Watu waliokuwa na upungufu wa elfu sitini waliingia katika upungufu wa laki sita kwa siku mbili za kujaribu kurudisha. Andika kiasi kamili, kisha mwendee mwenye fedha kabla hajagundua, ukiwa na pendekezo la kulipa kwa awamu unayoiweza. Wapo wakubwa watakaokufukuza, na wana haki hiyo. Lakini aliyeambiwa mapema mara nyingi husikiliza, wakati aliyegundua mwenyewe hupiga simu polisi. Kabla ya kusaini karatasi yoyote, pita kwenye Nyumba ya Upatikanaji wa Haki, ile ambayo watu huiita MAJ. Ipo katika wilaya zote tatu za jiji, Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge, na inatoa ushauri wa sheria bure kwa asiye na uwezo.

Funga njia ya fedha

Ukiamua kuacha, anza na fedha, kabla ya maombi na kabla ya viapo. Kiapo kinahitaji kurudiwa kila saa. Njia ya fedha ukiifunga mara moja, inabaki imefungwa ukiwa umelala.

Mshahara ukiingia benki, omba maagizo ya kudumu ili kodi ya nyumba, ada na akiba vitoke siku ileile kabla hujaona salio. Ukilipwa kwa siku, kubaliana na mtu unayemwamini umtumie mapato kila jioni kabla ya kula, naye akuachie ya matumizi ya kesho. Usimpe mtu namba yako ya siri, kwa kuwa hilo huzaa ugomvi mwingine. Hamisha fedha zenyewe. Punguza kiasi kinachobaki kwenye simu hadi kiwe cha siku moja.

Kisha andikia kila kampuni unayocheza, uombe akaunti yako ifungwe moja kwa moja na usitumiwe tena ujumbe wa ofa. Fanya hivyo kwa maandishi na utunze nakala. Zipo programu za bure zinazozuia tovuti za kamari kwenye simu; BetBlocker ni mojawapo, unachagua muda na huwezi kuifuta kabla muda huo haujaisha. Haitazuia michezo inayochezwa kwa kupiga namba za nyota na reli, ndiyo maana akaunti zenyewe lazima zifungwe. Ondoka kwenye makundi ya tiketi. Jumamosi na Jumapili mchana na jioni, saa ambazo ligi ya Uingereza inachezwa, uwe mahali pengine na mtu mwingine, tena kwa mpango uliowekwa tangu Alhamisi. Unaweza kuipenda Rayon Sports au Arsenal maisha yako yote bila tiketi. Mwanzoni, hata hivyo, wengi huona ni salama zaidi kusikia matokeo kesho yake.

Kumwambia mtu

Siri ndiyo inayoua. Chagua mtu mmoja: mwenzi wako, kaka, dada, msimamizi wa ndoa yenu, rafiki wa kazini asiyecheza. Mwambie akiwa hana haraka, watoto wakiwa wamelala, na umwambie kiasi chote. Kosa la kawaida ni kusema nusu ya deni kwa kuogopa. Nusu ya pili ikijitokeza baada ya wiki mbili, inavunja hata ile imani ndogo iliyokuwa imeanza kurudi.

Maneno yawe machache na wazi. Kwa mfano: "Mama Keza, nina jambo zito. Nimekuwa nikicheza betingi kwa siri, na fedha ya nyumba ya mwezi huu sina. Nadaiwa laki nne na ishirini. Kila deni nimeliandika hapa. Naomba tulisome pamoja, kisha tupange mshahara wangu upitie wapi." Usitetee, usimlaumu, usiombe msamaha mara kumi mfululizo hadi yeye ndiye aanze kukubembeleza. Akikasirika, ana sababu.

Kwako uliyeambiwa: hasira ni haki yako, lakini usilipe madeni yote kwa mkupuo. Deni likifutwa kwa siku moja, mgonjwa anabaki na simu safi na hamu ileile. Linda kwanza chakula, nyumba na shule. Jua pia kwamba ardhi ya mke na mume haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Ukiletewa karatasi ya kusaini haraka haraka, usisaini. Ikiwa kuna kipigo au vitisho nyumbani, vituo vya Isange hospitalini vinapokea waathirika bila malipo.

Wengi Nyamirambo na Biryogo humwendea sheikh kwanza, na mitaa mingine mchungaji au padri. Ni vizuri. Dini inamsaidia mtu kusimama tena. Tunawaomba viongozi hao mambo mawili: watunze siri, na wamsindikize mtu kituo cha afya badala ya kumwachia mahubiri peke yake.

Madeni

Chukua karatasi moja. Andika kila unayedaiwa naye, kiasi, riba, tarehe, na alichoshika kama dhamana. Wanaotangulia ni wale ambao usipowalipa utakosa paa, chombo cha kazi au uhuru wako. Mikopo ya simu na ya SACCO inafuata: nenda mwenyewe ueleze kabla ya tarehe kupita, uombe muda urefushwe. Taasisi yenye leseni ina utaratibu wa hilo, na sheria ya 2021 ya kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha inakupa haki ya kupewa maelezo wazi ya gharama na ya kupeleka malalamiko.

Banki Lambert ni jambo jingine. Mkopeshaji wa mtaani anayetoa laki mbili jioni bila maswali hutoza riba kubwa mno, na mara nyingi humtaka mkopaji asaini mkataba wa mauziano ya pikipiki, gari au kiwanja, kana kwamba ameuza. Siku ukichelewa, anao ushahidi kwamba mali ni yake. Kufanya biashara ya kukopesha bila kibali cha Benki Kuu ya Taifa ya Rwanda ni kinyume cha sheria. Ukiwa umekwisha kusaini karatasi kama hiyo, peleka nakala MAJ, na ukitishwa nenda Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB. Usichukue mkopo wa pili wa namna hiyo ili kulipa wa kwanza.

Tiba ipo

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili wa 2018 ulionyesha kwamba mtu mmoja kati ya watano nchini alikuwa na tatizo la afya ya akili. Wengi walijua huduma zipo, lakini waliozitumia walikuwa asilimia 5.3 tu. Kamari huingia kwa urahisi mahali penye huzuni ya muda mrefu, usingizi mbaya na kumbukumbu nzito, na Rwanda inayo mizigo hiyo. Kwa wengine mchezo ulianza kama njia ya kutofikiri.

Mwenye mituweli aanzie kituo cha afya cha umurenge wake, aombe kuonana na muuguzi wa afya ya akili. Aseme wazi: siwezi kuacha kamari. Kutoka hapo hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kama Kibagabaga au Nyarugenge, na ikibidi hospitali ya CARAES Ndera, ambayo ilianzishwa na Mabruda wa Upendo na ina kituo cha Icyizere huko Kicukiro. Ndera si mahali pa aibu. Anayekwenda huko kwa ajili ya uraibu hukaa kwenye benchi moja na mwalimu, mwanajeshi mstaafu na mwanafunzi. Asiyejua aanzie wapi apige 114, namba ya bure ya afya.

Tiba yenyewe kwa kiasi kikubwa ni mazungumzo. Utaketi na mtaalamu, mtafuatilia saa, mahali na hisia zinazotangulia kila dau, mtapima ukweli wa imani kama ile ya kuwa karibu kushinda, na mtapanga la kufanya hamu inapopanda. Hamu hupanda, hufika kilele na kushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, hata usipoitii. Kulijua hilo tu kumewasaidia wengi. Daktari anaweza kutoa dawa ikiwa kuna sonona au wasiwasi. Mweleze dawa zote unazotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson zinajulikana kuamsha tamaa ya kamari kwa mtu ambaye hakuwahi kucheza. Kwa wanaosoma Kiingereza, Gamblers Anonymous, umoja wa wachezaji walioacha ulioanza Los Angeles mwaka 1957, una mikutano ya mtandaoni, na Gambling Therapy ya Uingereza inatoa msaada wa bure kwa mtu wa nchi yoyote.

Kurudi nyuma hutokea. Aliyekaa miezi minne kisha akacheza usiku mmoja hajapoteza ile miezi minne. Amwambie mtu wake asubuhi ileile, wachunguze fedha ilipitia mlango gani, wafunge mlango huo.

Ikiwa mawazo yamefika kwenye kujidhuru, usisubiri miadi. Hatari hiyo kwa waraibu wa kamari ni ya kweli, hasa usiku wa hasara kubwa na siku deni linapofichuka. Piga 912 upate gari la wagonjwa, au 112, au nenda chumba cha dharura cha hospitali iliyo karibu. Uliye pamoja naye, muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Swali halimpandikizii wazo, linampa nafasi ya kusema. Kaa naye, ondoa sumu na vyenye ncha kali, usimwache hadi awe na mtaalamu. Hakuna deni la betingi lenye thamani ya mtu.

Kwa msimamizi wa kazi

Mfanyakazi akikuambia "Shefu, nina tatizo la betingi," kwanza funga mlango. Mshukuru kwa kusema. Usimtangaze kwenye mkutano wa asubuhi wala kumfanya mfano kwa wenzake, maana wengine watatu wanaosikiliza watajificha zaidi. Muondoe kwa muda kwenye kazi ya kushika fedha bila kumshusha cheo, mpe ruhusa ya kwenda kliniki kama ungempa mwenye malaria, na mkubaliane siku ya kukutana tena.

Ukitoa mshahara wa mapema, uliza ni wa nini, na inapowezekana ulipe moja kwa moja kwa mwenye nyumba au shule. Mwulize mfanyakazi kama angependa mshahara wake uingie kwa awamu mbili, tarehe 15 na mwisho wa mwezi. Baadhi watakubali kwa furaha. Usilipe vibarua Ijumaa jioni ikiwa unaweza kuwalipa Jumatatu, kwa sababu mechi nyingi zaidi ni za mwisho wa wiki. Na namba 114 ibandikwe ukutani pale wanapobadilishia nguo, karibu na ratiba ya zamu, ambapo mtu anaweza kuinakili bila kuonekana anaisoma.